Sura ya Tano: Nyumba ya Uniti 75

Mwanza imejengwa juu ya mawe, na mawe ndiyo yanayopanga bei ya ardhi yake. Mabonde yalichukuliwa mapema na maduka, barabara, viwanda na ofisi. Vilima vya Igogo, Mabatini, Isamilo na Pasiansi vikafunikwa nyumba hadi juu, nyingine zikiwa zimebanwa kati ya majabali makubwa kuzizidi. Waliopanda huko wengi hawakufuata mandhari ya ziwa. Chini palikuwa pamekwisha gawanywa, na mlimani hakukuwa na mtu wa kuwadai barua ya toleo. Sasa mji unakimbilia nje: Buhongwa na Mkolani upande wa kusini, Kisesa kwenye njia ya Musoma, Buswelu, Nyasaka na Sangabuye upande wa Ilemela, na Usagara ambako barabara ya Geita inaachana na ile ya Shinyanga. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, na madalali wa Usagara hawahitaji kuelezwa maana yake.

Kwenye ukanda huo mpya ndiko mjenzi mdogo anakopata nafasi. Ninamzungumzia mtu mwenye mtaji wa nyumba moja au mbili kwa wakati, anayejenga ili auze au apangishe, anayefanya kazi na mafundi anaowajua kwa majina na kununua saruji kwa mifuko hamsini hamsini. Mtu huyu anaweza kujenga nyumba bora kuliko kampuni kubwa, kwa sababu yuko kwenye eneo la kazi kila siku. Anaweza pia kufilisika kwa kiwanja kimoja. Ninachotaka kumwambia ni hiki: gharama ya kuishi ndani ya nyumba huamuliwa kwenye ardhi na kwenye mchoro, benki inaingia baadaye. Akivuruga mpangilio huo, hakuna mkopo utakaomwokoa.

Tuanze na namba 75. Kwa bei zilizotangazwa na mdhibiti wa nishati na maji, EWURA, mwaka 2016 na kutumika kwa miaka mingi tangu hapo, mteja wa nyumbani aliye kwenye daraja la D1, asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Aliye kwenye daraja la kawaida la T1 hulipa shilingi 292, na ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Anayevuka uniti 75 mara kwa mara huondolewa D1. Kwa hiyo uniti 75 ni mpaka ulio wazi kuliko nyota yoyote ya ubora, na mjenzi anaweza kuchora nyumba akiulenga.

Piga hesabu ya familia ya kawaida kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Taa kumi za LED za wati 9 zikiwaka saa tano kwa siku zinakula kama uniti 13 kwa mwezi. Jokofu la wastani, uniti 30. Televisheni, uniti 14. Pasi, simu na vidogo vingine, tuseme 8. Jumla ni 65. Familia hii iko salama, na bili yake haifiki shilingi 8,000. Sasa weka feni moja ya wati 60 izunguke saa nane kila usiku kwa sababu chumba hakilaliki: uniti 14 zaidi, na mstari umevukwa. Weka kiyoyozi kidogo cha wati 800 kwa saa hizo hizo nane: uniti 192 peke yake, na bili inazidi shilingi 90,000. Hita ya bafuni ya kilowati 5, watu wanne wakioga dakika kumi kumi kila siku, ni uniti 100 nyingine. Familia ni ile ile na mshahara ni ule ule. Kilichowahamisha daraja ni chumba chenye joto na maji ya kuoga, na vyote viwili viko mikononi mwa mjenzi.

Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto huzunguka nyuzi 28, usiku hushuka hadi 17 au 18. Hii ni hali ya hewa ya ukarimu. Mji kama huu hauhitaji kiyoyozi kwenye nyumba ya kuishi, na ukikiona ujue kuna mtu alikosea kuchora.

Kabla ya mchoro, ardhi

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika Mei 2001. Zinasema ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na hati miliki huipa haki hiyo muda: miaka 33, 66 au 99. Kwenye makazi yasiyopangwa mjini kuna leseni ya makazi, isiyozidi miaka mitano, inayohuishwa. Kijijini kuna hati miliki ya kimila. Mjenzi anayetaka kuuza nyumba kwa mtu atakayekopa benki anapaswa kuyajua haya kama anavyojua kipimo cha zege, maana kila karatasi ina soko lake. Nyumba yenye karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa pekee itamsubiri mnunuzi mwenye fedha taslimu, na mnunuzi huyo anajua kuwa hana mshindani.

Mwanza ardhi nyingi ya pembezoni bado inauzwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, dalali akitembea mbele na muuzaji akihesabu nyuma. Mara nyingi muuzaji ni mzee mwenye heshima zake, na anaamini anachokisema.

"Mwanangu, shamba hili nimelilima toka enzi za Mwalimu. Nani atakusumbua hapa?"

"Shikamoo mzee wangu. Hakuna ninayemwogopa. Naomba tu siku ya malipo tukae na mama, na vijana wote, na majirani wa mipaka."

Ombi hilo ni la adabu na ni la sheria pia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inadai ridhaa hiyo hiyo nyumba inapowekwa rehani. Ikiwa shamba ni la urithi, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mashauri mengi yanayojaza Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yanatokana na mtoto aliyekuwa Geita au Dar es Salaam siku baba alipouza.

Majirani wakishakubali mipaka, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri. Kama kiwanja kimepimwa, chukua namba ya kiwanja na kitalu, lipia upekuzi, upate kwa maandishi jina la mmiliki, rehani zilizopo na deni la kodi ya pango la ardhi. Soma masharti ya hati pia. Hati nyingi humtaka mmiliki aendeleze kiwanja ndani ya miezi 36, na aliyekaa nacho miaka kumi bila kukiendeleza anakuuzia na hatari yake. Kama hakijapimwa, omba uone mchoro wa mipango miji wa eneo. Mwanza ina mpango kabambe wa 2015 hadi 2035, uliogawa maeneo ya makazi, viwanda, barabara na maeneo ya wazi. Shamba zuri la Buhongwa linaweza kuwa limepangiwa shule kwenye mchoro ambao muuzaji hajawahi kuuona. Jitafutie mpima aliyesajiliwa, mwenyewe, usiletewe na dalali.

Kuna vipimo viwili ninavyomsihi mjenzi avishike kichwani. Barabara kuu zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kwenye njia ya Musoma, ya Shinyanga na ya Usagara hadi Kisesa viwanja vinavyovutia zaidi ndivyo vinavyoingia humo. Mita 60 ni za ufukwe: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa ziwa. Dalali wa Luchelele au Kayenze atakuonyesha maji na kukuambia hapa hapajawahi kufurika. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964. Lilipanda tena kupita kiasi mwaka 2020, likarudia 2024, likaingia kwenye nyumba, mialo na hoteli za nchi zote tatu. Anayepima mita 60 wakati wa kiangazi kutoka pale maji yalipo leo amejipima vibaya. Waulize wavuvi wazee maji ya 1964 yalifika wapi, anzia hapo.

Kuhusu asilimia 10 ya bei ambayo baadhi ya wenyeviti wa mitaa wamezoea kuidai ili wagonge mhuri: hakuna sheria inayowapa haki hiyo, na serikali imekemea desturi hiyo mara nyingi. Gharama halali ni nyingine. Kuna ushuru wa stempu asilimia moja, kuna kodi ya ongezeko la mtaji inayomhusu muuzaji, kuna ada za uhamisho na za wakili. Ziandike kwenye bajeti tangu mwanzo, kisha mkubaliane kwa maandishi nani analipa nini.

Kiwanja kinaweza kuwa na hati safi na bado kikawa kibaya kwa nyumba ya uniti 75. Angalia kimelalaje. Kiwanja kirefu kutoka mashariki kwenda magharibi kinakuruhusu kulaza nyumba hivyo hivyo, madirisha makubwa yakatazama kaskazini na kusini. Angalia mteremko na njia ya maji ya mvua. Mto Mirongo na mitaro yake imewafundisha watu wa katikati ya mji somo hilo. Toboa mashimo mawili kwa sururu uone mwamba uko umbali gani. Mwamba ulio karibu unakupa mawe ya msingi bure, lakini shimo la choo na mtaro wa majitaka vitakugharimu. Mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, imejenga mfumo rahisi wa majitaka kwenye baadhi ya mitaa ya milimani kwa sababu hiyo hiyo: kuchimba granaiti kwa kila nyumba hakuwezekani.

Ninapendekeza kiwanja kidogo kilichopimwa Buhongwa au Buswelu kuliko shamba kubwa lisilopimwa lenye mandhari ya ziwa. Najua mandhari yanauza. Lakini fedha iliyolala kwenye mgogoro haijengi, na mjenzi mdogo hana fedha ya pili.

Paa, ukuta, kivuli

Kwa nyuzi mbili na nusu kutoka Ikweta, jua la saa sita mchana liko juu ya kichwa karibu mwaka mzima. Mwezi Juni huinama kidogo kaskazini, Desemba kidogo kusini. Maana yake ni kwamba ukuta wa kaskazini na wa kusini hupigwa kidogo, na baraza la sentimita 90 linatosha kuukinga. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hupigwa na jua la chini ambalo baraza haliwezi kulizuia, hasa lile la saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni. Huko weka stoo, choo, jiko au ukuta usio na dirisha, na nje yake panda mwarobaini au mwembe. Mchana upepo hutoka ziwani kuingia nchi kavu, usiku hugeuka. Dirisha moja halileti upepo. Kila chumba cha kulala kinahitaji uwazi pande mbili, hata kama wa pili ni tundu la hewa juu ya mlango.

Paa ndilo linalopokea joto kuliko kitu kingine, na ndilo linaloharibiwa zaidi na mitindo. Bati la rangi ya damu ya mzee, linalopendwa sana sasa, hufyonza jua ambalo bati jeupe au la fedha lingelirudisha. Nyumba ya paa la kufichwa nyuma ya ukuta, yenye sura ya boksi, haina baraza la kukinga ukuta, na maji ya masika hutafuta ufa kwenye mfereji uliofichwa. Sitamjengea mtu nyumba hiyo Mwanza bila kumwambia ukweli huu kwanza. Kenchi iliyoinuka vya kutosha, matundu ya hewa kwenye pembe zote mbili za paa ili joto litoke kabla halijashuka, na dari juu ya vyumba vyote: hayo matatu yanafanya kazi kubwa kuliko kiyoyozi, na yanalipwa mara moja. Wasukuma walijua. Kwenye makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada, ingia ndani ya msonge wa nyasi saa nane mchana, kisha toka ukaingie kwenye chumba cha bati kisicho na dari. Ngozi itakupa jibu.

Ukuta ni suala la fedha na la miti. Tofali za kuchoma ni rahisi kuzipata, lakini tanuri moja hula kuni nyingi, na Usukuma ni nchi iliyokwisha lia kwa kukosa miti. Mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulihangaika kwa miaka kurudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yaliyotengwa. Baadhi ya wachomaji wanatumia pumba za mpunga, na hao ndio wa kununua kwao ikibidi. Tofali za saruji hazichomwi, ila saruji yenyewe husafiri mbali kabla ya kufika Mwanza na kila kilomita iko kwenye bei ya mfuko.

Ndiyo maana ninasimama upande wa tofali za kufungamana. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, uliozaliwa kutoka kitengo cha utafiti cha mwaka 1971, umezihubiri kwa muda mrefu: udongo wenye mchanga na mfinyanzi kwa kiasi, saruji kidogo, mashine ya kugandamiza, siku za kumwagilia maji, hakuna moto. Zinapangwa kwa kushikana, hivyo udongo wa kuunganishia ni kidogo sana na plasta ya nje si lazima. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliziendeleza hadi zikawa na umbo la mviringo la kujengea matanki ya maji, na huko Busoga vijana wamejenga shule nyingi kwa tofali hizo. Masharti yake ni mawili na hayana mjadala: udongo upimwe kabla, na msingi uwe wa mawe, umeinuka vya kutosha kutoka chini ili maji ya mvua yasiurukie ukuta. Mwanza mawe si tatizo. Wanawake na vijana wanaogonga kokoto kando ya barabara wanaweza kukuletea tripu kesho asubuhi.

Fundi atakayeshughulikia tofali hizi kwa mara ya kwanza akijenga haraka kama kawaida yake atapindisha ukuta kwenye kozi ya tano. Mlipe afanye polepole wiki ya kwanza.

Wavu wa mbu usiachwe mwisho. Malaria iko Kanda ya Ziwa, na watu hufunga madirisha jioni kwa kuogopa mbu, joto likabaki ndani usiku kucha. Dirisha lenye wavu imara ni kifaa cha kupunguza joto. Huko Mtwara, nyumba 110 za ghorofa moja juu zilijengwa vijijini kwa utafiti wa afya, kuta zake zikiwa na kitambaa cha wavu kinachopitisha hewa, vyumba vya kulala vikiwa juu ambako mbu ni wachache na upepo ni mwingi. Mjenzi wa Buswelu hatanakili nyumba hizo, lakini wazo la kulala juu ukiwa na upepo linamfaa mwenye kiwanja kidogo.

Maji nayo ni nishati, kwa sababu maji yanayopandishwa kwa pampu yanasoma kwenye mita ya umeme ya LUKU. Mwanza hupata kama milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100 likikusanya asilimia 80 ya mvua hiyo linatoa lita 80,000. Simtenki la lita 5,000 lililoinuliwa kwenye mnara wa mawe litakinga nyumba siku maji ya MWAUWASA yanapokatika. Ya kuoga yapashwe na sola ya maji juu ya paa, na ule mzigo wa uniti 100 unaondoka.

Fedha

Benki ya Nyumba Tanzania ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikafa mwaka 1995. Kwa zaidi ya muongo mmoja baada ya hapo, Mtanzania aliyetaka nyumba alijenga kwa mshahara: mwaka huu msingi, mwaka kesho ukuta, miaka mitatu kusubiri bati. Mapagale yaliyojaa Nyegezi na Igoma ndiyo kumbukumbu ya wakati huo, na bado yanaongezeka. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria mbili, moja ya mikopo ya nyumba, nyingine ya umiliki wa sehemu za jengo, inayoruhusu kuuza ghorofa moja moja kwa hati yake. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki ili nazo zikopeshe wanunuzi wa nyumba kwa miaka 15 hadi 25.

Mjenzi mdogo asichanganye mambo hapa. Fedha ya TMRC inamfuata mnunuzi. Yeye anayejenga atakutana na mkopo wa biashara, wa muda mfupi, wenye dhamana nyingine. Chukua mfano wa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 16. Mnunuzi akizilipa kwa miaka 15, marejesho ni kama shilingi 587,000 kwa mwezi. Mjenzi akipewa miezi 24, ni karibu shilingi milioni 1.96 kwa mwezi, na katika mwezi wa kwanza riba peke yake ni 533,000, hata kama mvua imesimamisha kazi, hata kama kibali cha ujenzi hakijatoka.

Kwa sababu hiyo, usikope kununua ardhi. Ardhi inunuliwe kwa akiba, kwa SACCOS mnayofahamiana, au kwa ubia: mwenye kiwanja chenye hati analeta kiwanja, mjenzi analeta ujenzi, zinasimama nyumba mbili, kila mmoja anachukua moja au wanagawana mauzo. Ubia wa namna hii unawafaa sana wajane na wastaafu wenye viwanja vikubwa Nyakato na Pasiansi wasio na fedha ya kujenga. Uandikwe na wakili, wenza wa ndoa wasaini, na mkataba useme nini kitatokea mmoja akifariki kabla ya kupaua.

Mkopo uingie baada ya kupaua. Nyumba iliyopauliwa mthamini anaweza kuithamini, mvua haiiharibu, na muda uliobaki hadi kuuza unahesabika kwa miezi. Jenga moja, uza, ndipo uanze ya pili. Anayefungua misingi mitatu kwa pamoja ili aonekane kampuni huishia na mapagale matatu.

Tangu siku ya kwanza tunza faili: mkataba wa ununuzi, hati, ramani zilizochorwa na msanifu aliyesajiliwa, kibali cha halmashauri, risiti za vifaa zenye EFD, picha za nondo kabla ya kumwaga zege. Faili hilo ndilo linalomgeuza mnunuzi wa benki kuwa mteja wako, na wanunuzi wa benki wapo Mwanza: walimu, wauguzi wa hospitali ya Bugando, watumishi wa halmashauri, wahadhiri wa chuo kikuu cha SAUT. Mshahara wao unaonekana. Wanachokosa ni nyumba yenye karatasi zinazokubalika.

Ongeza ukurasa mmoja kwenye faili: makadirio ya uniti za umeme kwa mwezi, yakifuatiwa na risiti halisi za LUKU za mpangaji au familia iliyokwisha kaa kwenye nyumba yako iliyotangulia. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lina kipimo kiitwacho EDGE kinachodai nyumba iokoe angalau asilimia 20 kwenye nishati, kwenye maji na kwenye vifaa vya ujenzi. Cheti hicho kina gharama ambazo mjenzi wa nyumba moja hawezi kuzibeba peke yake. Risiti za LUKU hazina gharama, na kila mtu anazielewa.

Neno la mwisho ni kwa benki. Mwaka 2023 CRDB iliuza hatifungani yake ya kijani, na wawekezaji waliigombea. Fedha yenye sharti la kulinda mazingira ipo nchini. Afisa mikopo wa Mwanza anapompima mwalimu anayetaka nyumba ya Buhongwa huangalia mshahara, madeni na umri. Tofauti kati ya nyumba ya uniti 65 na ile ya uniti 257 ni zaidi ya shilingi 83,000 kwa mwezi, karibu moja ya saba ya marejesho ya mkopo wetu wa milioni 40. Fedha hiyo ama inakwenda kwa shirika la umeme, TANESCO, au inarudi benki. Basi fomu ya mkopo iulize, nyumba hii inatumia uniti ngapi? Aliyejenga ya uniti chache apewe riba ndogo zaidi, na wajenzi wadogo wa Buswelu na Usagara wataanza kushindana kwa hilo ndani ya msimu mmoja wa ujenzi.